Nukta Zangu Kwenye Leseni Yako

Taata, baba yangu uliyelala Kishanda,

Jumamosi hii tunakuja kukujengea kaburi. Mafundi wameshafikisha mchanga na saruji, na mama ameshagombana nao mara mbili kwa sababu ya ule mbuni ulio upande wa kichwa chako. Wanataka kuukata wapate nafasi ya kuchanganyia zege. Amewaambia wachanganyie barabarani. Baada ya ibada wafiwa watapewa nafasi ya kusema neno, na mimi nimeomba niwe wa kwanza. Barua hii ndiyo neno langu. Naiandika wazi kwa kila atakayetaka kusikia, kwa sababu jambo lenyewe nalo lilisemwa wazi, mbele ya watu wote, siku tuliyokuzika.

Unakumbuka baba mdogo anavyopenda kushika kipaza sauti. Ndiye aliyesoma wasifu wako. Alisoma vizuri, sina la kumlaumu. Alitaja shule uliyosoma, ndoa yako, watoto wako, kisha akafika kwenye kazi: kwamba uliendesha gari la zahanati ya kanisa kwa miaka mingi, kwenye mvua na kwenye vumbi, na hakuna mgonjwa hata mmoja aliyeumizwa na mwendo wako. Halafu akashusha sauti. "Mwaka wake wa mwisho kazini," akasoma, "leseni yake ilifungiwa kwa mwendokasi mbele ya shule. Kwa hilo tunamwomba Mungu amsamehe." Watu wakaguna. Mimi nilikuwa mbele kabisa, nimeshika picha yako kifuani, nikanyamaza.

Taata, siku ile hukuendesha wewe. Niliendesha mimi.

Nataka watu waelewe vizuri, kwa hiyo nianzie kwenye akamwani. Kila Jumapili baada ya ibada ulikuwa unanipakia kwenye pikapu yako, unafungua kifurushi chako cha jani kavu la mgomba, unahesabu punje kumi na mbili za akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, na kuziweka pale dashibodi ilipobonyea, mbele ya macho yangu. "Hizi ni zako," ulisema. "Ukikosea, natafuna moja. Zikiisha, unashuka, unakwenda kwa miguu." Nikacheka. Nilidhani unatania, mtu mzima na punje zake. Siku ya kwanza zilikwisha kabla hatujauacha uwanja wa kanisa nyuma. Klachi ilikula tano peke yake. Nyingine zilikwenda na indiketa na vioo ambavyo sikuvitazama, nawe unatafuna taratibu, unaangalia nje ya dirisha kama mtu aliye sebuleni kwake.

Nilishuka nikatembea na viatu vyangu vya kanisani mpaka nyumbani. Ulinifuata nyuma na pikapu, mwendo wa kobe, hupigi honi wala hunipiti. Jirani alitoka kibanjani kwake akakuuliza kama tumekosana. "Hapana, waitu," ukamjibu, "mwanangu anajifunza gari."

Kwa hiyo mfumo wa nukta za makosa ya barabarani ulipoanza kuzungumzwa, na madereva wenzako wakawa wanalalamika, wewe ulikasirika kwa sababu yako mwenyewe: ulisema wameiba wazo lako. Ulinieleza ukiwa umeegemea boneti. Kila kosa lina nukta zake, ukasema, taa mbovu chache, kukimbia palipo na watoto nyingi zaidi. Nukta hazikai kwenye gari, zinakaa kwenye leseni ya mtu. Gari unaweza kuliuza, nukta unabaki nazo. Zikijumlishwa zikafika kikomo, leseni inafungiwa, na hapo huna la kufanya ila kungoja muda uishe. Lakini ukitulia ukaendesha kwa adabu, zile za zamani zinafutika. "Hapo tu ndipo walipotofautiana na mimi," ulisema. "Mimi nikishatafuna, nimetafuna." Tulicheka sana.

Siku yenyewe nilikuwa nawahi usaili Bukoba mjini. Shule ilikuwa inatafuta dereva wa basi la wanafunzi, nami nilikuwa nimeshachoka kukaa na leseni isiyo na gari. Tulitoka Kishanda tumechelewa, na kuchelewa kwenyewe kulikuwa kwangu, nilibadilisha blauzi mara tatu. Ukaniachia usukani ili nipashe mikono moto. Tulipofika kwenye lami kulikuwa na lori la ndizi mbele yetu, limejaa, linapanda kwa shida. Kibao cha shule nilikiona. Sitasema sikukiona. Watoto wenye sweta za kijani walikuwa kando ya barabara, bado hawajaanza kuvuka, nikajiambia kwamba nitapita kabla yao. Nikakanyaga mafuta, nikalipita lori. Mmoja wa watoto alirudi nyuma kwa kuruka, na daftari lake likaanguka.

Dereva aliyekuja mbele yetu alituwashia taa kutuonya, lakini tulikuwa tumeshachelewa. Askari alikuwa amesimama chini ya mikaratusi na tochi yake ya kupimia mwendo. Hakutusimamisha. Aliinua simu tu, na sote wawili tulijua maana yake: picha inatumwa kwa wenzake walio mbele.

Tulipokata kona ukasema, "Paki hapo, kwenye lile duka."

Nikapaki.

"Hama."

"Taata, hapana."

"Unakwenda kuomba kazi ya kubeba watoto," ulisema, ukiwa umeshafungua mkanda. "Nani atakupa wa kwake, nawe leseni yako ina nukta za kukimbia mbele ya shule?"

"Na wewe je?"

"Mimi nastaafu mwakani. Zitafutika. Hama, mwana wange."

Nilihama. Sikukataa mara ya pili. Nilizunguka kwa mbele ya pikapu, wewe ukazunguka kwa nyuma, na mpaka leo naamini ulichagua nyuma makusudi ili tusitazamane.

Askari wa pili alikuwa mtu mpole. "Mzee, leo unakimbilia wapi?" alikuuliza. Picha yake ilionyesha namba ya gari, na kwenye kioo hakuna kitu ila mng'ao wa jua. Ukampa leseni yako. "Nilikuwa na haraka, afande. Nimekosa." Wewe, ambaye hata siku za likizo, shule zikiwa zimefungwa, ulikuwa unapunguza mwendo mbele ya kila kibao. Tulipoondoka ulichomoa kifurushi chako mfukoni. Nikangoja utafune moja kwa ajili yangu, kama kawaida. Ulikitazama, ukakirudisha mfukoni bila kukifungua. Nilishukuru, Mungu anisamehe. Na usaili nikapita.

Usichoniambia ni kwamba leseni yako haikuwa tupu. Kulikuwa na nukta za taa ya breki, na nyingine za siku ile uliyomchukua mgonjwa kule Izimbya, ndugu zake wote wakang'ang'ania kupanda, ukashindwa kumshusha hata mmoja, gari likazidisha watu. Zilikuwa karibu kufutika. Zangu zilizikuta zikiwa bado zipo, zikajumlishwa, na jumla ikafika kikomo. Leseni ikafungiwa miezi sita. Najiuliza kama siku ile pale dukani ulikuwa umeshapiga hesabu. Nadhani ulikuwa umepiga. Wewe hukuwa mtu wa kusahau punje zako.

Zahanati hawakukufukuza, walikuweka getini. Nilikuja siku moja kukusalimu, nikakukuta ukilifungulia geti lile lile gari ulilolifanyia kazi miaka yote, mtu mwingine akiwa kwenye usukani. Ulimpungia mkono vizuri. Mimi nilikwenda nyuma ya jengo la maabara nikalia, kisha nikarudi nikakuambia, "Taata, ngoja niende nikaseme." Ukaniambia niendeshe watoto wa watu polepole, basi. Nami nililishika lile "basi" kama ruhusa. Nililificha jambo humo ndani. Ukaugua, ukatutoka zikiwa zimebaki wiki tatu leseni ifunguliwe.

Pengine hata baada ya wasifu ningeendelea kunyamaza, kwa kuwa nimeshazoea. Lakini mwezi uliopita mzazi mmoja aliyekuwa kwenye mazishi yako alimpandisha mwanawe kwenye basi, akaniambia huku anacheka, "Wewe unaendesha kwa adabu sana. Kwa kweli hukumrithi mzee wako." Alikuwa ananisifu. Nami nilicheka, Taata. Nilicheka naye, nikafunga mlango wa basi, nikaingiza gia. Nilipofika shuleni nilishindwa kushuka kwenye kiti.

Nilianza kwa mama. Nilimkuta anamenya ndizi, nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Hakuacha kumenya. "Nilijua," alisema. "Baba yako hajawahi kupita shule akikimbia." Nikamuuliza kwa nini hakusema, akaacha baba mdogo asome vile. Akaniambia alikuwa ananingoja. Nimekuwa mwanawe miaka yote hii na sikuwahi kujua kwamba anaweza kungoja kiasi hicho.

Kisha nikaenda polisi. Nilidhani, ujinga wangu, kwamba wanaweza kuzitoa kwako na kuziandika kwangu, kama mtu anayehamisha mzigo kutoka gari moja hadi jingine. Askari wa mezani alinisikiliza mpaka mwisho. "Dada," alisema, "leseni ya marehemu haina tena mwenyewe. Hakuna nukta ya kumfutia." Akanipa karatasi niandike maelezo yangu. Kosa langu ni la mwendo na la kudanganya pia, na yote mawili yana njia yake, wataniita. Jumatatu niliukabidhi ufunguo wa basi kwa mwalimu mkuu. Akasema atatafuta dereva mwingine mpaka polisi waseme. Hakuniambia kama nitarudi, nami sikumwuliza.

Kwa hiyo sheria haiwezi kukusafisha. Naweza mimi tu, kwa mdomo wangu. Ninyi mtakaonisikia Jumamosi, na wewe baba mdogo, chukueni ule wasifu mkafute sentensi ile moja. Mzee wetu aliendesha miaka yote bila kukimbia mbele ya mtoto wa mtu. Taa mbovu ilikuwa yake. Nukta za ndugu wa mgonjwa zilikuwa zake. Ile ya shule ni yangu.

Nina hamu na wewe, Taata. Nina hamu na harufu ya akamwani kwenye koti lako. Mama alinipa kifurushi alichokikuta mfukoni, nami nimekifungua leo kwa mara ya kwanza. Nimetafuna punje moja. Ni chungu kuliko nilivyofikiri, na sijui uliwezaje kutafuna nyingi vile kwa sababu yangu bila kukunja uso.

Jumamosi nitapanda gari kutoka kwangu Hamugembe mpaka kwenye lile duka tulipobadilishana viti. Hapo nitashuka. Kishanda ni mbali kutoka pale, lakini nitamalizia kwa miguu kama ulivyonifundisha, ingawa safari hii hakuna pikapu itakayonifuata nyuma.

Ulale salama, usinisubiri mapema.

Binti yako,
niliyekuwa nimeshika usukani.