Nafunga Kwaresima, Mbwa Ananenepa

Dada Bernadeta mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Nina miaka arobaini na tisa, nakaa Igogo, na shida yangu nimeona haya kumweleza hata padri maana ni ya mbwa. Jemedari ndiye mlinzi wetu, mwaka juzi alimng'ang'ania mwizi suruali mpaka majirani wakafika, sasa tangu Jumatano ya Majivu nimejinyima chakula cha jioni, na kwa kuwa kutupa chakula ni dhambi nampa yeye, ugali wote na mapanki, vichwa na mifupa ya sangara, kumbe mume wangu Revocatus amejinyima nyama naye anampa kwa siri, na binti yetu Winnie kajinyima maandazi, nayo yanakwenda kulekule, basi Jemedari amekuwa gunia la pamba, na juzi mchana mtu kaingia jikoni akabeba sufuria, akamruka, mbwa akatikisa mkia tu.

Nikamwita bwana mifugo nikidhani ni minyoo. Akapapasa mbavu, asizipate. Akasema, "Mama, hii ni shibe. Mkiendelea hivi, moyo wake haufiki Pasaka."

Nikajaribu kumnyima, lakini ananitazama kama Lazaro mlangoni, nami nalia. Hata mzee Ndalahwa, jirani yetu anayeishi peke yake, alipokuja kuomba chumvi alisema, "Justa, mbwa wako ananishinda mashavu." Tulicheka. Naogopa atakufa kwa mkono wangu. Nifanyeje?

Justa, Igogo

*

Mama Justa,

Pole, najua unampenda. Lakini mnafunga watu watatu na anayekula ni mmoja, halafu unawasingizia minyoo!

Kuanzia leo mbwa alishwe na mtu mmoja, asubuhi na jioni, nusu ya anachopata sasa. Maandazi na mafuta marufuku. Usimshindishe njaa, na akikutazama, tazama pembeni. Kila Jumapili mpapase mbavu, na bwana mifugo amwone tena mwisho wa mwezi.

Tena, mama, soma Injili vizuri. Lazaro alikuwa mtu. Mbwa walimlamba vidonda tu. Lazaro wako alikuja kuomba chumvi, nanyi mkacheka.

Kwa hiyo kila jioni sahani uliyojinyima ibebe mwenyewe kwa mzee Ndalahwa, na Jemedari aende nawe kwa miguu, polepole, akihema mpumzike. Sahani ishike juu.

Pasaka ikifika, nataka kusikia mzee ana mashavu na mbwa ana mbavu.