Dua Niliyomwombea Idi

Mdogo wangu Zaituni,

Natumai barua hii itakukuta unapumua vyema na goti lako limepoa. Mimi miguu imevimba, ngazi za nyumba hii ya Kariakoo sizishuki tena, na daktari ameacha kunificha. Ndiyo maana nakuandikia kwa mkono wangu.

Ni habari ya mwanao Idi. Ulimleta kwangu akae mbali na bunduki, na sasa unamwita mkaidi, eti alijiendea vitani bila kumwambia mtu. Nimekunyamazia muda wote huu.

Tangu vita virudi huko kwetu Uvira, Kongo, sisi watu wa nyumbani tulioko hapa tulianza kuchungana. Wifi yako, marehemu mke wangu, alikuwa wa kabila la upande wa pili. Nami nikahesabiwa huko. Kwenye misiba yetu mimi ndiye niliyekuwa naomba dua. Kazi hiyo wakampa mwingine, bila kuniambia kitu. Siku moja fundi cherehani akanitania, "Mwalimu, leo umewapelekea wakwe zako habari gani?" Wakacheka. Nami nikacheka nao.

Kisha akaja bwana mmoja kutafuta vijana wa kulinda mgodi. Mgodi wa nani, hakusema, na aliwataka waache simu zao. Nilielewa kuwa ni vitani, Zaituni. Nimefundisha historia maisha yangu yote. Lakini aliniamkia shikamoo mbele ya watu, akaniomba niwaombee dua wasafiri. Nilifurahi mno kuitwa tena. Na niliogopa kuitwa msaliti.

Siku ya kuondoka, Idi alikuwa ameacha mkokoteni wake wa vitenge, amekuja kuwaaga wenzake tu. Yule bwana akauliza, "Na nyumba ya Mwalimu inamtoa nani?" Watu wote wakanitazama. Idi akanisogelea.

"Mjomba, ukisema nibaki, nabaki."

"Nenda na wenzako, baba."

Nikainua mikono, wakaitikia amina.

Mwenzake mmoja alitoroka akarudi. Ameniambia kwamba huko wakuu wao walipata habari za kabila la wifi yako, wakasema Idi ni jasusi, wakampiga risasi kabla hajafika kwenye mapigano. Wamemzika kando ya barabara.

Acha kuzunguka kwenye kambi za wapiganaji ukimuulizia. Msomee hitima.

Nisalimie shangazi yetu mgonjwa, mkwe wako wa gereji, na wajane wa kaka zetu. Msamaha sikuombi; mlilie kwanza mwanao. Ila usimwite mkaidi tena. Alimtii mkubwa wake.

Ni mimi kaka yako,
Ramadhani