Maziwa Niliyomwaga Migombani

Jumatatu, 8 Novemba 2021
Mwanangu Koku amenifunua kanga sasa hivi, akagonga kifua kwa kiganja. Kama anabisha hodi. Nimemrudisha kwa mama mkwe. Kalia. Mimi sikulia.
Juzi walinipima mjini, Bukoba. Korona. Nalala chumba cha uani hapa kwa mama mkwe, Izimbya. Nimeacha kunyonyesha. Hakuna aliyeniambia niache. Marehemu shangazi aliambiwa hivyo, miaka ile ya ukimwi. Nakamua, namwaga migombani.

Jumatano, 10 Novemba
Homa. Mama mkwe kaniwekea kahawa ya kutafuna mlangoni. Nimetafuna. Kama kijiti, hata uchungu haina.
Koku anapewa maziwa ya ng'ombe kwa kijiko. Ana miezi saba. Anaharisha.
Baba Koku kapiga simu toka kisiwani, Muleba, kwenye dagaa. Anasema nile samaki. Sisikii hata harufu yake.

Ijumaa, 12 Novemba
Homa imeshuka. Nesi wa zahanati kaja kumwona Koku. Kauliza anakunywa nini. Nimesema ukweli.
"Mama Koku, nani kakutuma?"
Akaeleza. Mwili ukivamiwa unapiga enduru, yowe la mwizi. Majirani wanatoka wote, huyu panga, huyu mchi, wanapiga hovyo. Ndiyo homa. Siku kadhaa baadaye wanafika wengine, wanaomjua mwizi kwa sura. Kingamwili. Hao wanapita kwenye maziwa, wanamlinda mtoto. Korona siyo ukimwi. Na hata wenye ukimwi siku hizi wananyonyesha, wakimeza dawa. Nivae barakoa, ninawe, ninyonyeshe.
"Kumbe iliyochanjwa ni migomba yangu," mama mkwe akasema. Wakacheka.
Kifua changu kimelegea, maziwa yanakauka.

Jumamosi, 13 Novemba
Koku kakataa. Anageuza uso. Maziwa yenyewe matone. Wale wanaomjua mwizi walikuwa njiani, mimi nikawamwaga. Natafuna kahawa, sisikii uchungu, sisikii kitu. Kesho namweka tena. Atashika.

Jumapili, 14 Novemba
Kashika. Kidogo. Kaachia.

Jumatatu, 15 Novemba
Ananyonya. Mara ya tatu leo. Choo kimekuwa kizito. Naandika kwa mkono mmoja, barakoa usoni. Kahawa ya asubuhi ilikuwa chungu kidogo, nikatafuna nyingine kuhakikisha. Mama mkwe anakaanga senene. Wanaungua, nimewasikia kwa pua yangu mwenyewe. Sasa ananiita, "Mama Koku, njoo ugeuze!" ila huyu kafumba macho, na nikiinuka ataachia.