Kisima Walichoomba Akina Koku

Kahororo, Jumatano

Nimechoka, na leo nimejionea aibu. Katika somo la siasa nilieleza na kuandika ubaoni jinsi serikali inavyojua mahitaji ya wananchi: kijiji hukutana, wilaya hupokea, taifa hupanga. Mkaguzi wa shule alikuwa amekaa nyuma.

Koku, mwanafunzi kutoka wilaya ya Muleba, akasimama. "Mwalimu, sisi kijijini tuliomba kisima. Tukaletewa miche ya chai. Mama bado anateka maji bondeni. Sasa nani aliulizwa?"

Nilimtazama mkaguzi kwanza. Kisha nikamwambia Koku akae.

Baada ya kipindi mkaguzi aliniuliza, "Yule binti alikuwa anaelewa somo. Mbona ulimnyamazisha?"

Nilimtafuta Koku nimwombe radhi.

"Hakuna neno, Mwalimu," alisema. "Nimeshanakili ya ubaoni."