Gurudumu Moja la Mama

Baba Watoto,

Maharage yako jikoni, yamebaki kutiwa chumvi tu. Nguo zikikauka, zianue. Mimi narudi tena kwa fundi baiskeli.

Asubuhi niliposema nataka baiskeli ya gurudumu moja, ulicheka mpaka chai ikakupalia. "Kwa magoti hayo?" Iliniuma, nikatoka bila kuaga. Fundi hakucheka. Mimi niliipenda ile ndefu, ya gurudumu kubwa. Akaniambia, "Mama, hiyo ni ya waliokwisha kuzoea. Anayeanza huchukua gurudumu dogo na tairi nene, na kiti kiinuliwe mpaka mguu ukaribie kunyooka." Nikaipanda ile ndogo huku nimeshika ukuta. Halafu nikaachia. Kwa kitambo kidogo sakafu ikawa kama haipo, nikawa mwepesi, kama katika zile ndoto za utotoni za kupaa juu ya mapaa ya nyumba. Kisha nikaanguka, nikabaki pale chini nikitabasamu peke yangu.

Basi nakwenda kuichukua. ~~Msinisubiri kula.~~ Nisubirini. Na wewe toa viti sebuleni, nipate nafasi. Ukuta unashikika vizuri, ila hautembei. Nitahitaji bega lako.

Mama Watoto