Kuku Mliyemchinja Sukari Yangu Iliposhuka

Kisangani, Jumapili

Kwako Papa yangu,

Salaam aleikum. Kile kidonda cha mguuni kimekauka? Mama bado anakohoa? Mimi huku nakula, nashona, nalala vizuri. Ninaandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikisema neno moja wewe unasema kumi, halafu mtandao unakatika. Karatasi haikatishwi, Papa. Leo utanisikiliza mpaka mwisho.

Nimepata ujumbe wako: niache sindano ya insulini, nifunge cherehani, nirudi Kindu mwisho wa mwezi ili ndugu yako Tonton Musa anitibu kwa chupa zake za majani. Sirudi. Na sindano siachi. Nimelisema hilo mwanzoni ili usihangaike kulitafuta.

Sasa nikueleze ilivyokuwa, maana huko mmeielewa kinyume.

Chupa ya Tonton ilinifikia salama, kwa mashua mpaka Ubundu, kutoka Ubundu kwa pikipiki. Jumatatu asubuhi nilijidunga sindano yangu kama kawaida, kisha nikanywa glasi nzima ya yale majani yake kabla ya kula, kama alivyoagiza. Unajua uchungu wake. Huku wanauita bololo. Ulimi ulikufa ganzi, hata chai ikanishinda, nikaenda kazini bila kula, chupa nimeitia mfukoni. Na nilifurahi, sikufichi. Kwetu tunaamini uchungu unaua utamu, nikasema leo sukari imekutana na mbabe wake.

Saa nne nilikuwa natia uzi kwenye sindano, uzi hauingii. Mikono inatetemeka, jasho linadondoka kwenye kitambaa cha harusi cha watu. Mteja akaniuliza mikono ya gauni itakuwa mirefu au mifupi, nikamwambia akamuulize mama yake. Mimi, Zaina, uliyenilea kwa adabu. Akadhani nimelewa. Mama Béa, mjane wa Isangi ninayeshona naye, alinitazama usoni tu akajua, kwa sababu marehemu mume wake alikuwa na ugonjwa huu. Miguu iliponilegea nikaanguka chini, alikoroga sukari ya chai kwenye maji akaninywesha kidogo kidogo. "Meza, Zaina. Meza tu." Papa, sukari ileile tunayoiogopa ndiyo iliyonirudisha.

Wakanipeleka kituo cha afya. Muuguzi akanitoboa kidole, akatazama kile kipimo, akaniuliza: "Ulikunywa nini?" Niliona aibu kumtaja ndugu yako kama mtu aliyenitilia sumu. Akauliza tena, nikaitoa chupa mfukoni. Hakunitukana. Aliinusa, akasema: "Bon. Sindano inashusha sukari. Majani ya tonton yako nayo inaweza kushusha. Chakula haukukula. Sasa nani alibakia wa kuipandisha?" Akaniambia sindano ina kipimo, lakini nguvu ya chupa ile hakuna anayeijua. Leo Tonton anachemsha nzito, kesho nyepesi.

Jioni nikakupigia simu. "Papa, sukari yangu imeshuka sana." Nilitaka kuendelea, imeshuka mpaka nimeanguka. Wewe ukapaza sauti, "Alhamdulillahi," ukaanza kuita watu, mtandao ukakatika. Kesho yake dada Aziza ananiambia mmechinja kuku. Tonton amepewa paja. Jirani yenu fundi baiskeli ameacha vidonge vyake vya sukari, naye anakunywa chupa.

Hapo ndipo nilipokasirika, na mpaka leo nina hasira. Kuku yule, Papa, mlikuwa mnakula matanga yangu. Mmekula matanga mimi ningali hai, halafu mnaniita nije ninywe zaidi.

Simtukani Tonton, najua ananipenda. Wala sisemi majani yake hayana nguvu. Yana nguvu, ndiyo taabu yenyewe. Anasema sindano ni ya watu wanaokaribia kufa. Mwambie mimi naishi kwa sindano mbili, moja inashona, nyingine inaingia tumboni, na sitamwachia hata moja. Akimtuma mtu kuja kunichukua, mtu huyo atanikuta nimekaa kwenye cherehani yangu. Nitampa chakula, nitampa pa kulala, na atarudi peke yake.

Lakini kuna jambo linaloninyima raha kuliko hayo yote. Aziza ameniambia na wewe unakunywa chupa juu ya vidonge vyako vya sukari, kisha unapanda baiskeli kwenda shambani hujala kitu. Papa, mimi nilikuwa na Mama Béa. Wewe kwenye njia ile ya shamba utakuwa na nani? Beba chupa, beba vidonge, uviweke vyote mbele ya daktari wako na umwambie kweli. Vidonge usiviache kwa kujiamulia. Kama nimekukosea adabu utanisamehe baadaye, nitapiga magoti. Kwanza nenda.

Na mtu akikuambia tena sukari yake imeshuka, usishukuru kwanza. Muulize imeshuka mpaka wapi.

Msalimie Mama, mwambie gauni lake la Idi nimeshalikata. Msalimie Aziza, na usimgombeze kwa kunipa habari. Fundi baiskeli msomee barua hii yote, yeye na kila aliyekula kuku yule. Tonton Musa msomee wa kwanza, na umwambie nampenda hivyohivyo.

Huyu anayekuletea barua atakupa pia pakiti ya sukari ya vipande. Mama asiitie kwenye chai. Ni ya mfuko wako, Papa, kila siku unapopanda baiskeli.

Ni mimi binti yako niliyekataa kurudi,

Zaina