Nywele za Mwanarehema Kabla ya Nikaha

Bofu, Likoni,
Mombasa.
4 Disemba 1989

Mpendwa Shangazi Dhahabu,

Shikamoo. Goti lako laendeleaje? Katika kaseti uliyotutumia ulisema ngazi za huko Maskati zinakuchosha, na Baba huirudia sehemu ile kila akiisikiliza. Sisi ni wazima, alhamdulillahi. Baba kapona kikohozi. Mama ni yule yule, hakai chini.

Nakuandikia mbio mbio, maana harusi ya ndugu yangu Mwanarehema ni Ijumaa hii na kuna jambo hukuambiwa. Mama hakutaka ushtuliwe ukiwa mbali. Mimi naona wewe ndiwe shangazi yake, haifai uyasikie kwa watu.

Ni nywele za Mwanarehema. Baada ya Idi nilikuwa namsuka, nikakuta juu ya sikio mahali patupu, pa mviringo kama shilingi, laini kama kiganja. Hapana upele, hapana mba. Kisha pakatoka pengine kisogoni, na pengine tena, na nusu ya nyusi ya kushoto ikaenda. Unazijua nywele zile, alikuwa akizikalia. Akawa hataki kuguswa kichwa, hata nyumbani hatoi mtandio.

Mama alisema ni husda. Jirani akasema ni choa. Akapakwa kitunguu thomu, kikamchoma ngozi hata ikatoka malengelenge. Mwingine akaleta mafuta ya taa. Hapo nikakataa, nikamchukua tukavuka feri hadi kwa daktari wa ngozi mjini, Daktari Gershom.

Huyo alimtazama kwa utulivu, akatueleza. Choa huwasha, huacha magamba, na nywele hukatikia juu ya ngozi. Huu si choa na hauambukizi. Ni kinga ya mwili wenyewe iliyokosea, inazishambulia nywele kama adui. Mizizi haijafa, kwa hiyo zaweza kurudi, hata bila dawa, na zikirudi zaweza kuanguka tena. Alisema kuna sindano ndogo ndogo za kuchomwa pale pale penye upara, kuna dawa ya kupaka, na kuna kungoja. Nikamuuliza kama zitaota kabla ya harusi. Akasema hawezi kutuahidi.

Alichomwa zile sindano, Shangazi, bila kulia. Mahali pamoja pakaota vinyweleo vyeupe kama pamba. Furaha yetu haikukaa, upande wa pili pakafunguka pengine.

Juzi juzi somo yake, yule kungwi wa kumfunda, akaja kumtayarisha. Akachemsha sukari na ndimu mpaka ikawa nzito, akaibandika mikononi na miguuni na kuivuta, amtoe malaika, vile vinyweleo vya mwilini. Mwanarehema akaanza kucheka. Akasema zinazotakiwa zitoke zimeng'ang'ania, na zinazotakiwa zikae zinakwenda. Kicheko kikageuka kilio. Somo akamfungua mtandio, akaona. Mama akamsihi afunge mdomo, bibi harusi avishwe nywele za bandia, na kwa kina bwana harusi, Mwinyihaji, yajulikane baada ya nikaha.

Lakini siku mama yake Mwinyihaji, Bi Mwanasaumu, alipokuja na wanawake wenzake kuleta sanduku la nguo za bibi harusi, Mwanarehema alitoka chumbani akaketi mbele yao, akavua mtandio. Bi Mwanasaumu akauliza kama maradhi hayo yatawapata watoto. Nikajibu alivyosema daktari, kwamba mara nyingine hufuata ukoo, mara nyingi hapana. Akasema basi harusi ingoje nywele ziote.

"Mama, huenda nikangoja hadi uzeeni," Mwanarehema akamwambia. "Mwambie mwanao leo. Kama hanitaki, nijue kabla ya nikaha."

Wakaondoka, sanduku wakaliacha kitandani, nusu wazi. Siku zikapita, hakuna mjumbe. Mama akawa hasemi nami. Kila mlango ukigongwa, naruka.

Jana alasiri Mwinyihaji akaja mwenyewe, akaketi barazani na Baba. Sisi tulikuwa nyuma ya dirisha.

"Mzee, mama ameniambia," akasema. "Nimekuja kuuliza kama yeye bado anataka."

Mwanarehema akajibu kutoka ndani kwamba anataka, ila Mwinyihaji amwone kwanza. Baba akakubali. Mwanarehema akatoka kichwa wazi, akasimama mbele yake. Mwinyihaji alimtazama asigeuze uso, hata mimi nikaona haya. Nilijaribu kuusoma uso ule nisiweze.

"Nimeona," akasema. "Ijumaa nitakuja."

Akaenda zake. Sijui atakuja kwa mapenzi au kwa kuogopa maneno ya watu, na Bi Mwanasaumu hajatuma hata salamu. Mama amerudi kuchambua mchele. Somo anatafuta kitambaa cha zari cha kumfunga kichwani, apate pa kubandika asumini. Mwanarehema yeye leo amekula, akalala mchana kutwa kama mtu aliyetua mzigo. Ninayetoka na kuingia ni mimi. Hata sasa nimeacha kalamu nikaenda dirishani, kumbe ni mtu tu anapita.

Nisalimie Mwidani na wanawe huko kwenu. Baba na Mama wanakusalimu sana. Mwanarehema anakuamkia. Nilimuuliza nikuandikie umwombee nini, nywele zirudi? Akasema hapana, umwombee asilazimike kujifunika ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Mungu akuhifadhi huko ugenini, alipoze goti lako, atukutanishe kwa heri.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Mwanatatu